Msimwambie Swaleh

Jumamosi, 27 Machi

"Mtu mzima wa Mombasa anayepiga kelele Texas kwa ajili ya timu ya Uingereza ni koloni ambalo bado halijapewa uhuru." Kioko wa Euless, kule Dallas, katika jarida letu la Waswahili wa Texas, toleo la jana. Nimelisoma nimesimama, chai mkononi. Uongo mtupu. Jezi ya klabu hii hatukupewa na mkoloni. Tuliishinda. Mabaharia wa meli ya Uingereza walishuka Kilindini, wakataka mechi na vijana wa Majengo, tukawafunga manne kwa mawili, na dau lilikuwa jezi zao. Swaleh alikuwa golini. Mimi beki. Tangu siku ile timu ni yetu, na koloni ni hao waliovua jezi. Nitamjibu.

Saa tatu asubuhi, kanda ndani ya deki ya video, kama kila Jumamosi. Swaleh huwa kliniki ya figo wakati wa mechi. Jumanne, Alhamisi na Jumamosi anafungwa kwenye mashine saa nne nzima, damu inatoka, inasafishwa, inarudi. Mimi narekodi, yeye anatazama baada ya alasiri. Fleti zetu zote hapa Gulfton, Houston, zinaijua amana hii: Swaleh haambiwi matokeo. Aliniambia mwaka jana, "Yakhe, kile kiti kinanimaliza. Ila nikiwa sijui, nina kitu cha kuendea nyumbani."

Leo hakuna wa kumpelekea. Tangu jana amelazwa hospitali, mkono umevimba pale wanapochoma sindano. Kanda nimeitia kabatini.

Tumefungwa dakika ya mwisho. Kipa ameuachia mpira kama sahani ya moto. Tuko watatu kutoka mkiani. Nimetukana mpaka Nasra akatoka chumbani: "Baba, it's just a game." Eti mchezo tu! Binti yangu mwenyewe.

Jumatano, 31 Machi

Nimemaliza jibu. Kurasa mbili. Sijaandika vizuri hivi tangu nihamie nchi hii. Kioko atatafuta pa kujificha Dallas nzima asipate. Nimelipeleka kwa mchapaji kabla ya kwenda zamu yangu ya jioni kule ghalani Sugar Land.

Ijumaa, 2 Aprili

Limetoka. Watu wamenishika mkono baada ya sala. "Umempiga, Mwalimu, umempiga!" Nimelala na furaha.

Jumapili, 4 Aprili

Mimi ni mpumbavu.

Nimekwenda hospitali na chungwa na magazeti ya zamani. Swaleh amegeukia ukutani. Juu ya kimeza, jarida. Bi Mwanaisha, mkewe, alimletea apate kitu cha kusoma, kwa kuwa nimeandika mimi. Kwenye aya ya tatu, kwa mkono wangu: "Hata Jumamosi, tulipofungwa dakika ya mwisho kwa uzembe wa kipa, sikuililia Uingereza. Nilikililia kitu chetu."

Kanda ile bado iko kabatini kwangu. Siku nane anaisubiri. Wauguzi wenyewe aliwakataza wasizungumze mpira. Mimi nimempelekea matokeo mpaka kitandani, yamepigwa chapa.

Hakupiga kelele. Alisema, "Umemshinda Kioko. Hongera. Mechi yangu umeila wewe." Nikaanza kueleza. "Abdalla, wewe huwezi kunyamaza hata mara moja? Hata kwa ajili yangu?"

Nimeliacha chungwa juu ya jarida, nikatoka.

Jumamosi, 10 Aprili

Ameruhusiwa, amerudi kliniki. Nimerekodi. Sare. Alasiri nimepeleka kanda, amefungua Bi Mwanaisha, mlango nusu. "Amesema usijisumbue, shemeji." Nimerudi nayo.

Jumamosi, 17 Aprili

Tumeshinda. Goli moja, la kichwa. Sina wa kulizungumza naye. Kanda imegomewa tena.

Jumamosi, 24 Aprili

Tumefungwa. Watatu kutoka mkiani bado, na watatu ndio wanaoshuka daraja. Kocha ni mwoga. Anapanga mabeki watano nyumbani kwake. Nyumbani kwake!

Mke wangu Zuhura amekata simu sasa hivi akicheka. Alikuwa akizungumza na mke wa Kioko, wauguzi wote wawili, wanajuana. Kumbe kila Jumamosi Kioko anajifungia sebuleni, anarekodi, anapiga kelele mpaka watoto wanatoka nje. Na timu gani? Timu yetu! Koloni la Euless!

Hii si silaha, huu ni mzinga. Nimeketi kuandika mara moja.

Jumapili, 25 Aprili

Kurasa nne. Tamu. Nimezisoma kwa sauti. Zuhura amesikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Swaleh umekwisha kumpoteza. Na huyu naye unampeleka wapi baada ya hapo?" Nimekasirika. Nimemwambia haelewi uandishi. Anaelewa. Nimezitia kabatini, juu ya kanda nne.

Jumamosi, 1 Mei

Sare. Sijui kama Swaleh ana njia nyingine ya kuona mechi. Nimeuliza dukani. Wanasema hana. Wanasema akitoka kliniki siku hizi anakwenda moja kwa moja kulala. Amekonda.

Mimi ndiye niliyekichukua kile kitu cha kuendea nyumbani. Si figo, si timu. Mimi.

Jumamosi, 8 Mei

Tumeshinda ugenini. Imebaki mechi moja, Jumamosi ijayo. Tukishinda tunabaki. Vinginevyo tunashuka.

Usiku nimeandika barua fupi kuliko zote nilizowahi kuandika. "Swaleh. Mechi ya mwisho sitaitazama. Nitarekodi televisheni ikiwa imezimwa. Nitakuja kukaa nawe kliniki. Tutajua pamoja au hatutajua. Abdalla." Nimeipitisha chini ya mlango wake.

Jumanne, 11 Mei

Kimya.

Alhamisi, 13 Mei

Simu. Swaleh. "Uje mapema, viti vya wageni huwa vichache." Akakata.

Kurasa nne za Kioko nimezichana. Hakuna aliyeniona nikizichana. Imeniuma.

Jumamosi, 15 Mei

Deki imeanza saa tatu kasoro dakika tano. Televisheni nimeizima kwa mkono wangu, nikachomoa na simu. Zuhura na Nasra nimewatoa waende madukani. Nimeendesha gari bila redio.

Kliniki. Viti vimepangwa mistari miwili, mashine zinalia kila moja kwa wakati wake. Sikuwahi kuingia humu ndani. Mwaka mzima nampelekea kanda na sikuwahi kuuona mkono wake ukiwa na zile sindano mbili. Unene wa sindano zile! Nimetazama pembeni. "Tazama tu," akasema. "Mimi nilikuwa naitazama sura yako kila Jumamosi."

"Sura yangu ina nini?"

"Yakhe, miezi yote hiyo nilijua matokeo ukigonga mlango. Tukifungwa unagonga kama polisi."

Amecheka mpaka muuguzi akaja kuangalia kipimo cha presha. Mimi nilikuwa karibu kulia. Kumbe alikuwa akijua, na bado alikuwa akikaa na kutazama dakika tisini, ananipa nafasi ya kunyamaza.

Saa nne na nusu mbingu imefunguka. Mvua ya Houston, ile inayokuja kama imetumwa kuvunja kitu. Taa zimepepesa. Nimewaza dishi la televisheni kule nyumbani. Sikusema. Leo nimeweza.

Alasiri tuko kwangu. Swaleh kwenye kochi, blanketi magotini. Kanda ikaanza. Wametufunga mapema. Tumesawazisha kabla ya mapumziko. Swaleh amenishika goti, hakuliachia. Kipindi cha pili tunashambulia, wao hawatoki kwao. Dakika ya sabini, krosi kutoka kulia, mshambuliaji wetu anaruka, yuko peke yake...

Chenga. Kioo chote chenga tupu, picha imekatwa na mvua ile. Nimeipeleka kanda mbele. Chenga. Mbele tena. Matangazo ya magari.

Tumekaa. Mvua imeisha kitambo, mtaa mzima umetulia, na sisi hatujui.

Nilidhani atakasirika. Amesema, "Basi bado hatujashuka."

Kuna mtu mmoja tu ninayemjua Texas ambaye kwake hakukunyesha na ana kanda. Nimechomeka simu. Nimeitazama muda mrefu. Swaleh akinitazama.

"Kioko, ni Abdalla wa Houston. Usiseme matokeo."

Akauliza taratibu, "Ni nani amekuambia mimi natazama?"

"Sikuandika popote."

Nikasikia mlango ukifungwa upande wake. "Bwana Abdalla, nitaileta mwenyewe. Kesho baada ya kanisa natoka."

Nikasema asante. Neno moja tu.

Jumapili, 16 Mei

Asubuhi baridi kidogo baada ya mvua. Swaleh alilala hapa, bado amelala kwenye kochi. Simu nimeichomoa. Nasra ametoka kununua mkate, akaahidi kutotazama gazeti. Kwa Kiswahili, ameahidi.

Zuhura anapika pilau ya watu watano.

Nimeandika karatasi na kuibandika mlangoni kwa nje, herufi kubwa. Nainakili hapa:

"Jamaa wa Gulfton, wa Alief, wa Sugar Land. Mnajua. Sisi hatujui. Anayeingia aingie kimya, anayeshindwa arudi kwake. Msimwambie Swaleh. Msiniambie mimi. Na wewe Kioko, umetoka mbali: gonga taratibu, toa kanda, kaa nyuma yetu tusiuone uso wako."