Mtawa wa Marlhope

Marlhope, Wiltshire
Novemba 4, 1811

Mama yangu mpenzi,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kifua chako kimetulia tangu baridi ianze. Mimi sijambo, nala vizuri, na viatu bado havijavuja. Msalimie jirani Nance, umwambie sijapata mchumba, asijisumbue kuuliza.

Kazi yangu ni kumsomea Bibi Rosamund, mke wa Bwana Everard Thorold. Anapenda hadithi za kutisha, za makasri na mabinti waliofungiwa. Tukifika pabaya tunashikana mikono na kupiga kelele kama watoto. Ni mjamzito, ni mpole, na hana rafiki mwingine hapa.

Nyumba inaitwa abasia, yaani makao ya watawa, ingawa hakuna mtawa aliyewahi kuikanyaga. Bwana ameijenga mwenyewe kwa mtindo wa Kigothi: madirisha yamechongoka, vioo vya rangi vimetolewa kwenye makanisa yaliyobomoka, na mezani pa maktaba kuna fuvu la mtu. Katikati umesimama mnara mrefu kuliko wa kanisa lolote nililowahi kuona. Mafundi waliujenga mbio mbio, hata maji yakiganda, maana Bwana hakutaka kungoja. Chumba cha Bibi kiko chini ya mnara huo. Bwana anataka mrithi wake azaliwe humo.

Na sasa, Mama, tumepata mzimu! Kuna kitu kinalia ukutani. Kinaanza chini chini kama mtu anayeumwa tumbo, kisha kinapanda. Bwana alipokisikia alipiga makofi. Amekipa jina, Mtawa Ursula, na kukitungia kisa: eti alizikwa hai ukutani kwa sababu ya mapenzi. Mpishi akaninong'oneza, "Amezikwaje humo, na ukuta wenyewe ni mdogo kwa umri kuliko paka wangu?" Nilicheka mpaka nikamwaga chai.

Mwanao,
Dorcas

*

Ledwyche, Shropshire
Novemba 14, 1811

Mwanangu Dorcas,

Nimepokea salamu zako, nashukuru Mungu. Kifua kinakohoa chenyewe, mimi nimekiachia. Nance anasema kama huko hata mizimu ni ya kike, basi mchumba usahau.

Nimeisoma barua yako mara nyingi, na sikucheka ulipocheka wewe. Nyumba njema si mlango. Mtu anayeomba kutembelewa na wafu, na mke wake ana mimba, mimi simwelewi. Hapa kwetu mjamzito hata mazishini hatumpeleki. Huyo Bibi ana mama? Kama hana, basi mwache alale vizuri, na umsomee Zaburi badala ya hayo makasri.

Vaa soksi za sufu.

Mama yako

*

Marlhope
Desemba 2, 1811

Mama mpenzi,

Hujambo? Mimi mwili mzima, lakini usingizi umenikimbia.

Hatusomi tena hadithi. Bibi Rosamund hataki. Anakaa kitandani ameshika tumbo na kusikiliza. Anaamini Ursula anamtaka mtoto. "Anakuja karibu, Dorcas," ananiambia. "Jana alikuwa juu ya dirisha. Leo yuko nyuma ya kichwa changu." Nami siwezi kumwambia anaota, kwa sababu namsikia pia. Sauti imeshuka kweli.

Kuna mengine. Mlango wa chumba hicho ulikuwa ukifunguka kwa kidole, sasa lazima niusukume kwa bega. Vumbi jeupe linadondoka kwenye supu. Halafu nikauona ufa nyuma ya kitanda. Nilipofika hapa ulikuwa kama unywele. Sasa mkono wangu unaingia, Mama, na ndani mna upepo.

Nilimwita Bwana nikamwonyesha. Aliinama, nikadhani anautazama. Kumbe ametega sikio. "Shh," akasema, macho yamemng'aa kama ya mtu mwenye homa. "Anapumua." Nikamwambia, "Bwana, ukuta unapasuka." Akanicheka: "Wewe binti huna mashairi hata kidogo." Jioni ile ile zulia kubwa likatundikwa juu ya ufa. Ameamuru Bibi asitoke chumbani mpaka ajifungue, na amealika wageni wa Krismasi waje kumsikia mtawa.

Zulia hilo linapumua, Mama. Linavimba na kusinyaa. Zamani nilikuwa naogopa mzimu. Siku hizi naomba awe ni mzimu.

Mwanao,
Dorcas

*

Ledwyche
Desemba 10, 1811

Dorcas,

Salamu baadaye. Toka humo.

Kama ni mzimu, toka. Kama ni ukuta, toka mbio. Sikukulea ukafie kwenye mchezo wa tajiri. Nakujua, utasema huwezi kumwacha yule mwanamke. Basi usimwache, mtoe. Kama haogopi ukuta, mtoe kwa hicho anachokiogopa.

Nijibu upesi.

Mama yako

*

Ledwyche
Desemba 30, 1811

Mwanangu,

Sijapata jibu. Krismasi imepita na kiti chako nimekiinamisha mezani ili mtu asikikalie.

Leo dereva wa gari la posta amesimama kwa Nance kunywa, akasimulia kwamba huko Wiltshire mnara wa nyumba kubwa umeanguka, na vumbi lilionekana kutoka barabara kuu. Hakujua jina la nyumba. Nilimshika koti nikamwuliza, akasema, "Mama, mimi nabeba barua tu."

Kama huwezi kuandika, mwambie mtu aandike. Hata neno moja.

Mama yako

*

Shamba la Coombe, karibu na Marlhope
Januari 3, 1812

Mama yangu,

Niko hai. Nisamehe. Mkono wa kulia uliteguka na vidole vimeanza kushika kalamu leo tu. Bibi Rosamund yuko hai, na mtoto anacheza tumboni. Tumehifadhiwa na mkulima na mkewe, watu wema.

Ilikuwa alasiri ya mkesha wa Krismasi. Bwana aliwatoa wageni nje kwenye nyasi, mtawa asikike vizuri zaidi. Mimi nilikuwa na Bibi. Ghafla kioo cha dirisha kikapasuka chenyewe, bila kuguswa. Nikamwambia, "Bibi, twende, ukuta huu unaanguka." Akajikunja kitandani. "Siwezi, Bwana amekataza." Nikamvuta, akashika nguzo ya kitanda. Ndipo nilipokumbuka maneno yako. Nikasema, "Ursula amesema nami. Anasema chumba hiki ni chake, na asiyetoka sasa hatatoka."

Mama, ungemwona uso. Aliruka kitandani miguu mitupu.

Tulishuka ngazi ya watumishi, nyembamba na ya giza. Mimi mbele, nimemshika mkono, yeye nyuma yangu. Kuta zilikuwa zinalia kulia na kushoto. Ngazi ya mwisho niliteleza nikaangukia mkono, nikainuka, tukatoka.

Bwana akatujia. "Nani amemruhusu?" Bibi akalia, "Mtawa amesema! Amesema na Dorcas!" Nikapiga kelele, "Hapana, Bwana! Ni ukuta! Nimedanganya, ni ukuta!" Hakunisikia, au hakutaka. Alikuwa na furaha ambayo sijapata kuiona kwa mtu mzima. "Kwa msomaji!" akasema. "Anasema na msomaji, na mimi niliyemjengea nyumba hajaniambia neno!" Akakimbia ndani. Rafiki yake mmoja alimdaka koti, koti likabaki mkononi.

Mnara haukuanguka kama mti. Ulipiga magoti, kama mwanamke aliyechoka. Halafu hatukuona kitu ila weupe.

Jikoni na upande wa watumishi vilisalimika. Bwana hawajampata bado.

Mwanao,
Dorcas

Nyongeza: Bibi halii. Kila siku anataka kwenda kwenye kifusi, ambako nusu ya ukuta bado imesimama, akamshukuru Ursula kwa kumwokoa. Jana nilimkuta amefika getini. Sijui nimwambie nini.

*

Ledwyche
Januari 11, 1812

Mwanangu niliyerudishiwa,

Nimepiga magoti jikoni na Nance amelia kwa ajili yangu, maana mimi nilishindwa.

Sasa sikiliza. Mwambie ukweli, na usingoje. Uongo ule ulikuwa mlango wa kumtolea, na umekwisha kazi. Ukiuacha wazi atarudi kwa mlango huo huo. Anayemshukuru mzimu humfuata. Atakuchukia kwa muda. Mwache akuchukie akiwa hai.

Kisha mlete hapa. Kitanda chako ni kipana, na mtoto atazaliwa kwenye nyumba fupi.

Mama yako

*

Shamba la Coombe
Januari 18, 1812

Mama yangu mpenzi,

Hujambo na kikohozi? Mkono wangu unaendelea vizuri.

Nimemwambia. Tulikuwa tumekaa jikoni, jua linaingia, mke wa mkulima anamenya viazi. Nilimweleza kwamba hakuna Ursula, kwamba Bwana alilibuni jina na kisa, kwamba sauti ilikuwa ya mawe, na maneno ya siku ile niliyatunga mimi kwa kumtakia maisha. Nilimwomba msamaha kwa ajili ya Bwana, maana uongo wangu ndio uliomkimbiza ndani.

Hakukasirika. Alinisikiliza mpaka mwisho, akanishika mkono mbovu taratibu. Akaniuliza, "Pale ngazini, ulikuwa mbele yangu?"

"Ndiyo, Bibi. Mbele."

"Na nyuma yangu alikuwa nani?"

"Hakuna mtu, Bibi. Tulikuwa wawili tu."

"Ulipoanguka nami nilikuwa naanguka," akasema. "Aliyenishika kiuno alinishika kwa mikono miwili. Ilikuwa ya baridi sana, Dorcas. Mpaka leo hajaniachia."

Mke wa mkulima aliacha kumenya viazi.

Tumefunga mizigo. Bibi amekubali kuja, tena kwa furaha, na hazungumzii tena kifusi. Anasema hana haja ya kwenda huko sasa. Tutapanda gari la Jumanne.

Mama, ukitupokea, tukumbatie sote. Lakini tafadhali, mbele yake, usiniulize tumekuja wangapi.

Mwanao,
Dorcas