Msiilishe Kinga Yangu

Wifi,

Wali uko kwenye sufuria, wapashie watoto. Birika usiliguse. Nimeliloweka kwa sabuni na bado linanuka kama soksi iliyovunda. Asubuhi nilimimina chai, ukatoka utelezi wa kijani, nikatapika kwenye sinki. Kaka yako akaniambia, tena anacheka, kwamba ni dawa yako ya kuongeza kinga, unanitilia kimyakimya tangu vidole vivimbe tena.

Kinyaa hakijaniisha. Daktari alipima damu, akapiga picha viganja, akatueleza nawe ukiitikia kwa kichwa: hii baridi yabisi ni kinga yangu yenyewe inayoshambulia viungo vyangu. Vidonge ninavyomeza ni vya kuituliza. Wewe unaichochea kwa kijiko.

Nimekwenda kliniki kupima damu tena. Masalia ya chai nimeyabeba kwenye chupa wayaone.

~~Nikirudi nisikukute.~~ Nikirudi nikukute, uniambie ulitia nini humo, jani kwa jani.

Siku zote hizi vidole vimekataa, wewe ndiye unayenifunga vifungo vya blauzi, taratibu kama unamvisha mtoto. Leo nimetoka vifungo wazi, nimejitanda mtandio juu. Mikono hiyo sikutaka iniguse.

Wifi yako