Fumua Kwanza, Ndipo Ukate

Jumamosi, 12 Oktoba

Nimefeli tena mtihani wa majaribio. Hesabu tu, mengine yote nimepita. Hesabu hiyo hiyo iliyoniangusha nikiwa msichana, ikaniangusha mwaka jana, na sasa inanisubiri kwenye mtihani wa kidato cha nne, tarehe 5 mwezi ujao.

Matroni kanieleza wazi leo, tukiwa tumesimama kwenye rundo la mashuka: chuo cha uuguzi hakipokei aliyezidi miaka thelathini na mitano. Ninayo thelathini na mitano. Kwa hiyo ni mara hii au basi. Cherehani ya hospitali siichukii, miaka kumi na mmoja nimekula kwa jasho lake. Lakini mashuka ya wagonjwa nimeshayashona vya kutosha. Nataka kuwauguza wagonjwa wenyewe.

Kinachoniua ni kurahisisha sehemu za aljebra – herufi juu, herufi chini, mstari katikati. Baba Watoto anasema nimwombe dada yake anifundishe. Nikamwambia afadhali niuombe ukuta.

Jumapili, 13 Oktoba

Nimekwenda. Mwenye shida hachagui.

Wifi anafundisha hesabu sekondari. Wanafunzi wanamwita Bi Sifuri kwa jinsi anavyozigawa. Siku ya harusi yangu nilimsikia jikoni akiwaambia mashangazi zake kwamba kaka yake kaoa sifuri. Miaka kumi na miwili namwamkia, nampakulia, nacheka akicheka. Na neno lile nimelikalia kama sindano iliyosahauliwa kwenye mto wa kiti.

Alinisikiliza mlangoni, hata karibu hakusema. Akanitazama juu mpaka chini. Una daftari? Ninalo. Basi kesho saa kumi na mbili asubuhi, nitakuja kwako. Nikamuuliza nimwandalie nini. Akasema aandaliwe akili.

Jumatatu, 14 Oktoba

Kaja na chaki mfukoni! Ubao hana, akaugeuza mlango wa nyuma wa jikoni kuwa ubao. Akaandika:

(x² + 5x + 6) / (x + 3)

Nikakata mara moja. x ya chini na x moja ya juu, kwisha. Tatu ndani ya sita, mbili. Nikapata x + 5x + 2, nikajisikia mtu.

Wifi akaniambia niweke moja mahali pa x. Juu ikawa kumi na mbili, chini nne, yaani tatu. Halafu niweke moja kwenye jibu langu. Ikatoka nane. Akauliza: tatu na nane ni ndugu? Nikatamani ardhi ipasuke. Akasema wifi, wewe una mkono wa mkasi, unakata kabla hujaangalia.

Alivyotoka, mlango wote umejaa chaki. Sikuufuta.

Jumatano, 16 Oktoba

Nimeelewa!! Na nimeelewa kazini, si mbele ya chaki.

Kuna kanuni moja chumba cha kushonea: shuka lililochakaa katikati, usilipitishie mkasi penye mshono. Fumua kwanza, vipande vitengane, kisha ondoa kilichochakaa. Ukikata juu ya mshono unaharibu pande zote mbili. Leo mwenzangu mgeni kakata juu ya mshono, nikamwambia kwa ukali fumua kwanza – na mdomo ukabaki wazi. Ile alama ya kujumlisha ni mshono! x + 3 ni kitu kimoja kilichoshonwa, siwezi kuchomoa x peke yake. Lazima nifumue ile ya juu iwe vigawo, vitu vinavyozidishana: (x + 2)(x + 3). Hapo ndipo naona x + 3 mzima juu na x + 3 mzima chini. Hao ndio wa kukata. Inabaki x + 2. Nikaweka moja. Tatu!

Niliandika kwenye karatasi ya kukatia ruwaza. Matroni akapita, akajifanya hajaona. Mungu ambariki.

Alhamisi, 17 Oktoba

Nimemweleza wifi habari za kufumua. Akasema miaka ishirini na mbili anawaambia watoto wasikate penye kujumlisha na hakuna anayemsikia, leo atawaambia wafumue kwanza. Akaondoka bila kuaga, chaki kaisahau.

Jumamosi, 26 Oktoba

Siku tisa sijaandika. Vigawo asubuhi, mashuka mchana, watoto jioni.

Leo wifi kaja shavu limevimba, jino. Nikamwambia arudi akalale. Akasema jino halifanyi mtihani. Kafundisha saa nzima ameshika shavu, maneno yanatoka upande mmoja. Mimi dada yangu wa tumbo moja asingenifanyia hivi.

Somo: 3 − x na x − 3. Nilizoea kuzikata kana kwamba ni kitu kimoja. Sasa nasema 3 − x ni shati lililogeuzwa nje ndani. Ukiligeuza likae sawa, alama ya kutoa inabaki mbele. Wifi kaipenda ya shati. Alicheka akaumia.

Jumapili, 3 Novemba

Somo la mwisho. Tulikuwa tumemaliza, anafuta mlango kwa kitambaa cha vyombo, akaniuliza bila kugeuka: siku ya harusi yako, ulinisikia jikoni?

Nikasema nilisikia.

Akasema: na miaka yote hii unanipakulia. Akaendelea kufuta mahali palepale palipokwisha kufutika. Ulimi hauna mfupa, wifi. Nisamehe.

Nilikuwa na jibu la hiyo siku. Nimelinoa miaka kumi na miwili. Lilipofika wakati wake, nikaishia kulia, naye akanipa kile kitambaa cha chaki nikajifutia, uso ukawa mweupe. Tukacheka mpaka Baba Watoto akaja kuangalia kuna nini.

Nashukuru. Hata nisipopita, nashukuru.

Jumatatu, 4 Novemba

Kesho. Kalamu mbili, rula, kitambulisho. Roho juu juu. Wanangu wameniagiza nisichungulie kwa jirani.

Jumanne, 5 Novemba, saa tisa alasiri

Nimerudi. Wifi kaomba ruhusa shuleni, nimemkuta kakaa kwenye ngazi yangu ya nyuma na chai ambayo hajaigusa. Hakuniuliza hali. Kauliza: swali la sehemu lilikuwepo?

Lilikuwepo. La tisa. Nalikumbuka herufi kwa herufi: (2x² − 18) / (6 − 2x). Na jibu langu, −x − 3.

Akachukua penseli na karatasi ya mkate, akainama. Mimi nikaingia ndani, nikakaa hapa dirishani na daftari hili. Namwona anavyofumua. Mbili nje juu, mbili nje chini. Anakata mstari, anaanza upya. Bi Sifuri, anaanza upya!

Ameita. Wifi, imekuwa x + 3. Ni alama moja tu iliyokuponyoka, labda watakupa maksi za njia. Anasema pole. Anasema kosa ni lake, hakunizoesha vya kutosha.

Moyo ulinishuka mpaka kwenye visigino. Kisha nikafanya alivyonifundisha. Moja mahali pa x. Juu mbili kutoa kumi na nane, hasi kumi na sita. Chini nne. Hasi nne. Jibu lake: nne. Jibu langu: hasi nne.

Nimerudia mara mbili. Nimemwambia kupitia dirishani, taratibu, maana ni mwalimu wangu: wifi, weka moja. Halafu angalia lile shati la chini, umelivaa nje ndani.

Ameweka moja. Kalamu za mtihani sijazitoa hata mfukoni, matokeo ni mwezi wa kwanza, na yeye bado kaishika karatasi ya mkate kwa mikono miwili. Mabega yanamtikisika. Kutoka hapa sioni kama anacheka au analia. Ngoja nitoke