Nyumba ya Nesi Yenye Milango Miwili

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba, shikamoo yako imenifikia. Huku Hombolo tu wazima. Mizabibu imechanua, na shangazi yako amerudi kwaya baada ya kununa miezi miwili.

Umeniuliza kama halmashauri mbili zinaweza kujenga nyumba za watumishi pamoja bila kugombana. Haziwezi. Ila zinaweza kugombana na bado zikajenga.

Miaka ile soko huria lilipoanza, nilikuwa fundi uashi. Zahanati yetu ilikuwa mpakani mwa wilaya mbili, na manesi walihama kwa kukosa pa kuishi. Tukakubaliana kumjengea nesi nyumba: sisi tukatoa kiwanja, wilaya jirani wakaleta mashine ya tofali. Mlango niliuelekeza barabarani, upande wa jirani. Ukuta ulipofika usawa wa madirisha, madiwani wetu wakasema tunawajengea wengine. Kazi ikasimama, na nesi pekee aliyebaki akafunga mizigo.

Ndipo akaja Bi Salma, diwani wa jirani, mwenye duka la vitenge. Alizunguka ukuta, kisha akaniambia, "Fundi, toboa mlango wa pili upande wa kwenu. Mama mwenye uchungu atabisha hodi upande wowote atakaotokea."

Nilinung'unika kubomoa ukuta wangu mwenyewe, lakini niliubomoa. Madiwani wetu wakaridhika, kazi ikaendelea, na nesi akafungua mizigo.

Bi Salma nilimvulia kofia. Mpaka leo nikipita pale huviangalia vizingiti. Vyote viwili vimelika sawasawa.

Babu yako