Miyenzi ya mpaka

Mwakiro, Muyinga. Alhamisi.

Nimeshindwa, na leo nimekula vizuri. Korti kubwa ya Gitega imesema hii shamba iko ya Yohana, mtoto wa marehemu kaka yangu, aliyezaliwa ukimbizini Tanzania.

Ile miti ya miyenzi ya mpaka, niliapa mbele ya majaji kama baba ndiye aliipanda. Uongo. Niliipanda mi mwenyewe, kaka alipokwisha kukimbia, ili shamba yake ionekane yangu.

Tulirudi na bisi moja, nikamwambia yote. Yohana akakunja karatasi ya hukumu, akaiweka mfukoni. Nyumba yangu iko humo shambani, nikawaza atatutoa, mi na bibi yangu...

"Kesho tuing'oe ile miyenzi pamoja," akasema. "Ila ile ya nyuma ya jikoni tuiache. Mama mdogo ataanika wapi nguo, baba mdogo?"

Tangu kesi ianze alikuwa ananiita bwana tu.