Kiti Kilichopewa Jina la Mama

Jumamosi, 8 Novemba 2025

Kiti cha magurudumu kimefika nyumbani Bongwe! Mimi na Mumbe, mwenzangu wa karakana, tumekishusha kwenye pikapu, mama akitutazama mlangoni na mkongojo wake. Tangu aanguke bafuni miguu haimtii. Kwenye karatasi za karakana tumeandika "kwa wazee wa Kwale". Uongo mtupu. Nimemtengenezea yeye. Kinamwinua, kinampeleka, kinakwepa kuku, kinazungumza naye. Mota zangu, breki zangu, kamera za kuonea njia, zangu pia. Sauti tu ndiyo ya Mumbe. Alisema yangu ni ya utingo.

Kikasema, "Shikamoo mama. Umeamkaje?" Mama akaitikia marahaba kwa furaha ambayo sijaisikia tangu baba afariki. Nikafurahi. Kweli nilifurahi.

Jumapili, 9 Novemba

Kinamsubiri amalize kusema. Hilo pia ni la Mumbe, alilishikilia kweli: mzee akinyamaza usimdakie, huenda bado anatafuta neno. Basi mama anakihadithia! Kumbe aliwahi kuposwa na mtu wa Vanga kabla ya baba, akakataa kwa sababu jamaa alikula akiwa amesimama. Mimi mwanawe wa pekee sikuwa na habari. Nimeyasikia nikiwa jikoni, wali ukaungua.

Jumanne, 11 Novemba

Amekipa jina. Mwanapili! Jina lake mwenyewe! Sasa anakiita "somo yangu", kama mtu anavyomwita aliyerithi jina lake. Kwetu jina hilo ni la mjukuu. La binti yangu wa kwanza, siku Mungu akinijaalia. Nikamwambia, mama, hilo tumemwekea mwanangu. Akasema, "Huyo mwanao yuko wapi? Huyu yuko hapa." Na akaupapasa mkono wa kiti.

Nikampelekea Mumbe mashtaka kazini Ukunda. Alicheka mpaka akashika meza. "Aki Swabir! Unaonea kiti wivu? Kiti yako mwenyewe? Si ndio tulitaka aipende?"

Ndiyo, tulitaka. Na ndiyo, naona wivu. Mwanamume mwenye ndevu!

Jumatano, 12 Novemba

Nimefanya jambo. Kabla ya kwenda kazini niliitoa sauti ya Mumbe nikaweka yangu. Maneno yale yale, salamu ile ile. Niliporudi alasiri nikamkuta mama yuko chini, kwenye mkeka, mkongojo ubavuni. Ameshuka mwenyewe. Angevunjika nyonga!

"Nirudishie somo yangu," akasema. "Huyu kijana ana haraka."

Huyu kijana. Hakunijua? Au alinijua? Sijui lipi baya zaidi.

Alhamisi, 13 Novemba

Nimeirudisha. "Shikamoo mama." — "Marahaba somo yangu, ulikwenda wapi wewe?" Uso ukamkunjuka. Mimi nikatoka kwenda kununua viazi karai. Sikuwa na njaa.

Ijumaa, 14 Novemba

Jumatatu kiti kinakwenda Msambweni, wazee wa huko nao wapate kukijaribu. Wiki mbili. Mama hajui. Mumbe anasema nimwambie mwenyewe, mimi ndiye mwana. Nimeahidi. Kisha nikaogopa. Nikimwambia mimi, nitakuwa yule aliyemnyang'anya somo yake mara mbili.

Iko njia. Tuliiweka wakati wa majaribio: naandika kwenye simu, kiti kinatamka kwa sauti ya Mumbe. Basi nimetoka msikitini, nikaketi hapa barazani chini ya dirisha lake. Yeye yuko ndani na kiti. Mtoto wa watu nikajibanza kama mwizi wa embe.

Nikaandika: "Mama, Jumatatu nitasafiri kidogo. Swabir atabaki nawe."

Sikumngoja ajibu.

Nikaongeza: "Swabir anakupenda sana."

Mama akacheka kidogo. Halafu akanyamaza, nami safari hii sikumdakia. Ndipo akasema, polepole, "Somo, mara hii hukuniamkia. Umeingia na habari zako tu. Umekuwa kama Swabir."

Moyo umenipasuka! Maana ni kweli. Mimi huingia na dawa — umemeza? Maji — umekunywa? Chaji — imejaa? Shikamoo niliyolelewa nayo nimekifundisha kiti, kikaishika vizuri, kila alfajiri kabla sijaamka. Nami nikaona imeshasemwa nyumbani humu. Hakuna aliyeniibia kitu. Bado wivu haujatoka, lakini sasa sijui nimwonee nani.

Nimeandika kwenye simu: Shikamoo mama. Sijatuma. Nikituma ataitikia, na marahaba yangu itakwenda kwa Mumbe. Nikiinuka niingie, atajua nilikuwa hapa nje, na habari ya Msambweni itabidi nimwambie kwa mdomo huu huu. Mlango uko wazi. Hata pazia limefungwa fundo.

Naandika haya badala ya kuinuka. Ndani anagonga mkono wa kiti kwa pete yake, taratibu.

"Somo? Bado nakungoja uniamkie."