Miguu ya Mama kwa Udongo wa Kapolowe

Yaya Kabwe,

Usicheke mwandiko. Weye kaka mukubwa ulifika sekondari, minye nilitoroka mwaka wa tano, lakini leo nani anaandika na nani analala? Unaona.

Hapa mtaani Panda tunaendelea. Baba amerudi kazini kwa kampani. Kwaya yako inaimba vizuri zaidi tangu utoke. Samahani, njo ukweli. Nyumba tu imekuwa kubwa sana. Kitanda chote ni changu, yaya, na usingizi sina.

Sasa sikia habari ya tablo yako, ile picha ya mama analima shamba lake kule Kapolowe. Ulikataa rangi za dukani. Ulisemaka: "Shamba nitalichora na shamba lenyewe." Ukaponda udongo wa kule shambani, ukachuja, ukatia gundi ya seremala, ukapakaza juu ya gunia la unga. Mama akatokea, toka kichwa mpaka magotini. Halafu homa ikakubeba, na beseni la udongo likabaki jikoni nje, pembeni ya ukuta.

Siku ya kilio mama wadogo walitaka kulainisha sakafu ya lile jiko, wageni wapate pa kulala. Wakaona udongo safi, umeshachujwa, kama umewekwa kwa kazi hiyo. Wakausiriba wote. Watu walikaa juu ya rangi yako, wakakulilia palepale. Minye nilikuwa makaburini na wachimbaji. Kurudi, sakafu inang'aa. Ningemugombeza nani?

Basi nikajigamba. Nikamwambia mama, nitamalizia minye, mbona kuchuja nilichuja na yaya? Nikapanda lori mpaka Kapolowe, nikachimba shambani, nikarudi na mufuko begani kama mwanaume. Nikachora miguu. Miguu mizuri, yaya, hata weye ungeona wivu.

Ilipokauka ikageuka manjano. Ya kwako ni nyekundu, imeiva. Yangu, ungesema kuna muntu mwingine amesimama nyuma ya mama, amemuazima miguu yake. Ulichimba wapi? Kwenye kichuguu? Uliuchoma kwanza? Miaka yote ile, mikono ndani ya beseni, tulikuwa tunabishana habari za mpira. Udongo hatukuuongelea hata kidogo. Sasa namuuliza nani?

Nikaenda kutafuta rangi ya dukani, nifunike yote, ile alama ya magotini, pale rangi zinakutana, ipotee. Nilikuwa nimeshafungua kopo. Mama akanishika mukono. Hakulia. Alisema:

"Acha vile, mwanangu. Nataka nione pale aliishia."

Kopo nililirudisha. Tablo iko saloni, pale tunakaribisha wageni, na mama anakaa kiti cha kuielekea.

Pumzika, yaya yangu. Nikipata mukono wa kweli nitachora tena na udongo, lakini kwa gunia lingine. Hili la kwako sitaligusa, na atakayeleta brashi hapa nyumbani atakutana na minye kwanza mulangoni.

Mudogo wako,
Mulenga